Konekta Nyembamba na Glavu Nene

Kosa langu la kwanza kwenye kazi hii nililifanya asubuhi ya kwanza, chai ikiwa bado moto. Bi Mwanaisha, fundi mkuu wa benchi la kebo, alinipa kebo fupi niifunge kwenye mashine ya kupimia, kisha akanipa mgongo kutafuta kikombe chake. Nikaingiza konekta, ile ncha ya chuma ya kebo, kwenye tundu la mashine. Badala ya kuzungusha nati peke yake, nikaizungusha kebo nzima, kama mtu anayefunga mfuniko wa chupa. Ikaingia, ikakaza, nami nikajipongeza kimoyomoyo.

"We mtoto!" Bi Mwanaisha aligeuka kabla sijaiachia. "Unakamua nguo?"

"Nafunga kebo, Bi."

"Huko si kufunga. Huko ni kusaga."

Akanivuta hadi kwenye hadubini. Pini ya katikati ya konekta ni nyembamba kama sindano ya cherehani, na imepakwa dhahabu kidogo sana, ngozi tu. Ukiizungusha kebo, pini nayo inazunguka ndani ya tundu lake na kuikwangua dhahabu hiyo. Niliona mikwaruzo yangu mwenyewe, mipya, inang'aa. Nilitamani sakafu ya karakana ipasuke.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii, hasa mlionipigia simu kutoka vyuoni kuuliza inakuwaje mtu kukaa kwenye benchi mwaka hadi mwaka. Msicheke nikijiita mstaafu. Sina mvi za kutosha. Lakini shingo yangu imeinamia hadubini kwa muda mrefu, hadi daktari akaniambia nichague kati yake na benchi. Nikachagua shingo. Sasa napokea oda za wateja katika karakana ileile, kule Savage, Minnesota, karibu na mto, nikiwa kwenye kiti chenye mgongo. Kwa hiyo nimestaafu mikono, mdomo bado uko kazini.

Sikusomea kazi hii darasani. Nilijifunza mezani kwa mama, Richfield, ndege zikipita juu ya paa hadi vikombe vinagongana. Nilikuwa nanunua redio zilizokufa, nazifungua, naangalia video, nazifunga tena. Mdogo wangu alikuwa akinipita na kuuliza kwa Kiingereza kama zile takataka zitaondoka kabla ya wageni kufika. Nilikuwa naogopa kila kitu: kuulizwa nilisoma wapi, kushika chombo vibaya, kutamka neno la kazi visivyo mbele ya watu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hajui asichokijua, na mimi jambo hilo lilikuwa linaninyima usingizi. Nikaamua dawa yake ni kutokosea kabisa. Mtaona dawa hiyo ilinifikisha wapi.

Kwanza niwaeleze kebo zenyewe, maana wengi mnadhani kebo ni waya tu.

Kebo ya mawimbi mafupi ina waya mmoja katikati, plastiki nyeupe inayouzunguka, kisha koti la chuma nje. Ishara hupita katikati ya hivyo viwili. Sehemu ndefu ya kebo ni tulivu. Inapunguza ishara kidogo kidogo, kwa kiasi kinachojulikana, na huwezi kugombana nayo. Ugomvi uko kwenye ncha. Bi Mwanaisha alikuwa akinieleza kwa chupa ya chai aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

"Chai inamwagika wapi, mwanangu? Ndani ya chupa?"

"Mdomoni, Bi. Wakati wa kumimina."

"Basi. Na ishara inamwagika kwenye konekta."

Inamwagika kwa njia mbili, na mkizielewa hizi mmeelewa nusu ya kazi. Ya kwanza, ishara inageuka joto: dhahabu imekwanguka, kuna uchafu, au chuma kimepakwa kitu kisichopitisha vizuri. Mawimbi haya hayapiti katikati ya chuma, hupita juujuu, kwenye ngozi. Kwa hiyo ngozi ikiwa mbaya, ubora wa ndani haukusaidii. Ya pili, ishara inarudi ilikotoka. Ikifika mahali ambapo umbo la njia limebadilika ghafla, pini fupi kidogo, nafasi ya hewa isiyotakiwa, sehemu yake hugeuka kama mgeni aliyekuta mlango hauna mtu. Na kadiri frikwensi inavyopanda, ndivyo vitu vidogo vinavyokuwa vikubwa. Unywele ambao redio ya kawaida haitauona, huku juu unakuwa ukuta.

Konekta nazo zina tabia zao. Ile kubwa, N, ni kama mkulima: mikono mipana, haijali baridi, ndani ina mpira wa duara unaozuia maji. Ile ndogo, SMA, ni karani: nadhifu, iko kila ofisi, lakini ukimfungua na kumfunga kila siku anachoka upesi. Halafu kuna ile ninayoiita nyembamba, ndugu yake SMA, ambayo ndani haina plastiki bali hewa tupu. Hiyo ni malaika wa maabara. Inafika frikwensi ambazo wenzake hawazioti. Pini yake unaweza kuipinda kwa kupiga chafya.

Kwenye kazi hii, konekta yenye pini huitwa dume na yenye tundu huitwa jike. Bi Mwanaisha, mwanamke wa Mji wa Kale Mombasa, aliona aibu kuyasema maneno hayo siku nzima mbele ya vijana. Akazibatiza bwana harusi na bi harusi. Wamarekani wa karakana wakayachukua maneno hayo wakidhani ndiyo istilahi rasmi ya Kiswahili. Ziko konekta fulani za vifaa vya intaneti ambazo zimegeuzwa makusudi: nati ya bwana harusi, lakini ndani hamna pini. Zinafungana vizuri kabisa na zile za kawaida, zinakaza, zinapendeza, na katikati hakuna kinachogusana. Siku moja nilihangaika nazo kutwa nikitafuta ishara imepotelea wapi. Bi Mwanaisha alichungulia mara moja.

"Maskini," akasema. "Ngoma imepigwa, biriani limepikwa, bwana harusi hakuja."

Na adapta! Vijana, adapta ni mkwe. Mmoja mtamvumilia. Ukiona mtu ameunganisha adapta juu ya adapta juu ya adapta kwa sababu hakutaka kutafuta kebo inayostahili, jueni ishara yake inapiga hodi nyumba tatu kabla ya kufika. Kila moja inachukua chake.

Sasa nije kwenye ugonjwa wangu.

Nilikuwa siwezi kuamini kipimo. Nafunga kebo kwa ile spana yenye kipimo, inayokunja shingo nguvu ikitosha, naangalia mchoro kwenye skrini, ule mstari unaonyooka ishara ikipita vizuri, mzuri. Naanza kujiuliza: je, nilifunga sawa? Nafungua. Nasafisha kwa spiriti. Nafunga tena. Mchoro umeshuka kidogo, kidogo mno, lakini umeshuka. Nafungua tena. Kila nilipofungua na kufunga, konekta ilikuwa inakwisha kidogo, kwa hiyo nilikuwa napima uharibifu ninaoufanya mimi mwenyewe, kisha nauogopa.

Bi Mwanaisha aliniachia siku kadhaa. Halafu akavuta kiti.

"Ushaona mtu mwenye wasiwasi wa udhu?"

"Nishamwona."

"Anatawadha. Anasema, aa, kiwiko hakikuenea. Anarudia. Aa, kisigino. Anarudia. Watu wanaswali, wanatoa salamu, wanarudi makwao, yeye bado yuko bombani. Sasa niambie, huyo ni msafi kuliko wengine?"

"Hapana, Bi."

"Amelowa tu."

Tangu siku hiyo nikaitwa Bwana Wasiwasi. Hata Erik, mwenye karakana, alijifunza kulitamka.

Lakini msidhani alikuwa ananidharau. Ni yeye aliyeniombea ruhusa ya kusaini kebo zangu mwenyewe. Katika karakana yetu, kebo haitoki bila mchoro wake wa kipimo, na chini ya mchoro pana jina la mtu. Waliosaini wote walikuwa na vyeti. Mimi sikuwa na kitu. Bi Mwanaisha alikwenda kwa Erik akamwambia, kama walivyokuwa wanadhaminiana watu kwao, "Mpe kijana kalamu. Akiharibu yeye, nimeharibu mimi." Erik akanipa kalamu. Na tangu siku hiyo, chini ya kila jina langu niliona jina lake ambalo halikuandikwa.

Muda si mrefu ikaja oda ya antena. Hapo ndipo nilipokuwa karibu kulipoteza benchi, langu na lake.

Mteja alikuwa kampuni ndogo inayopeleka intaneti kwenye mashamba kusini mwa mto. Wanafunga antena juu ya masilo, yale maghala marefu ya nafaka, antena moja inatazama nyingine, na kati ya redio na antena inahitajika kebo. Antena zao zinatoka kiwandani na bamba dogo lenye konekta, na unaweza kuagiza bamba la konekta yoyote. Kwa hiyo wakatuuliza sisi: tuweke ipi?

Swali zuri kama hilo kumwuliza mtu kama mimi ni hatari.

Nilijenga kebo za majaribio, nyingine kwa N, nyingine kwa SMA, nyingine kwa ile nyembamba. Nikazipima kwa frikwensi yao. N ilikuwa nzuri. SMA ilikuwa nzuri. Ile nyembamba ilitoa mchoro ulionyooka kama uzi wa mwashi. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Nilijua ni ndogo. Lakini ukishaona mstari ulionyooka kuliko mwingine, na wewe ni mtu wa aina yangu, huwezi tena kuutazama ule mwingine bila kuona aibu. Nilichukua michoro hiyo kwa Bi Mwanaisha.

"Tazama hii, Bi."

Akavaa miwani. "Masha'Allah. Hii umeifunga wewe?"

"Mimi."

"Basi wape hiyo."

Nikasaini. Kebo zikaenda na mabamba yake. Nilimpigia mama simu kumweleza juu ya mstari ulionyooka, akaniambia hongera na kuniuliza kama nimekula.

Baridi ya kwanza ilipoingia, intaneti ya mashamba ikaanza kukatika. Wakaturudishia kebo. Nilizikagua chini ya hadubini: pini mbili tatu zimepinda kidogo, meno ya nati moja yamekwaruzika. Nikazinyoosha, nikabadilisha zilizoharibika, nikasafisha, nikazifunga kwa spana yangu. Mstari, uzi wa mwashi. Nikaandika kwamba kebo ni nzima na tatizo ni ufungaji. Zikarudi kwao. Baada ya muda zikarudi kwetu tena.

Erik alikuja kwenye benchi. Ni mtu mrefu, mpole, anayepunguza sauti akikasirika, kama wengi wa huku. Aliinua kebo moja akaitazama.

"Hili ni jambo la kipekee," alisema.

Wageni wa Minnesota, mkisikia mtu wa huku anasema jambo ni la kipekee, jueni limeoza.

Kisha akaeleza. Benchi la kebo ni benchi dogo. Wateja wake ni wa kuhesabika, na huyu ndiye aliyekuwa anaongoza kwa oda. Kebo hizi zikirudi mara ya tatu, mteja anaondoka, na yeye hataweza kulitetea benchi. Atalifunga na kebo zote atazinunua kutoka nje. Mimi nitatafutiwa nafasi kwenye ghala ikipatikana. Bi Mwanaisha atahamishiwa kwenye ufungashaji, awe anatia vitu kwenye maboksi.

Alipoondoka, sikuweza kumtazama Bi Mwanaisha usoni. Mwanamke yule alikuwa na mikono ambayo nikifumba macho naiona mpaka leo, anavyoshika pini kwa kibano bila kutetemeka huku anasimulia habari za harusi ya mpwa wake. Kumweka kwenye maboksi!

"Bi, nisamehe. Nizipime tena. Labda kuna kitu sikukiona."

"Hukukiona, kweli," alisema. "Lakini hakimo humu ndani. Humu ndani ushapima mpaka mashine imekuchoka. Chukua koti."

Tukaenda kwenye silo, yeye akiendesha. Njia nzima nilimhesabia uwezekano wa makosa. Yeye alikuwa anasikiliza kaswida na kunijibu "ehe" pale anapopaswa.

Fundi wa mteja alitungoja chini ya silo, kando ya pikapu yake. Aliitwa Mulumba, Mkongomani mnene wa mabega, ndiye aliyekuwa akipanda kufunga kebo zetu. Theluji ilikuwa imeganda kiasi cha kulia chini ya viatu. Jua lilikuwepo, kali na lisilo na faida yoyote. Alitusalimu kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani, akanitazama kuanzia kofia hadi mikono, akaniita mdogo.

"Petit, ni wewe njo unatengenezaka hizi kebo?"

"Ni mimi, kaka."

"Ah bon. Miye nilifikiriaka ni mtu mwenye vidole vya mtoto mchanga."

Bi Mwanaisha alicheka hadi akajishika kwenye mlango wa gari. Mimi nilianza kueleza. Nilimwuliza kama anatumia spana yenye kipimo tuliyowatumia.

"Ile spana?" Akaonyesha juu, kisha akaonyesha chini kwenye theluji. "Ilianguka siku ya kwanza. Iko humo. Mwezi wa tano tutaiona."

"Sasa unafunga kwa nini?"

Akatoa koleo mfukoni. Koleo, kwenye konekta ambayo mimi huishika kama yai la njiwa!

"Usiniangalie vile," alisema. "Kuja hapa."

Nyuma ya pikapu kulikuwa na antena ya akiba yenye bamba letu, na kebo yetu moja. Akavua glavu zake, nene kama godoro, akanipa. "Vaa. Funga. Tuko chini, hakuna upepo, hauning'inii kwa kamba. Miye nitakungojea."

Nilivaa. Vijana, naomba mjaribu siku moja. Ndani ya glavu zile sikuwa na vidole, nilikuwa na vijiko vya mbao. Nati ya konekta nyembamba ilikuwa imepotea kabisa. Nilijaribu kuisukuma pini iingie wima, ikagonga ukingo. Nilizungusha nati, meno yakapandana vibaya. Nikavua glavu moja ili nishike kwa mkono mtupu, chuma kikauma, na kabla sijafanya chochote cha maana ncha za vidole zikawa si zangu. Nikapuliza konekta nipate kuona vizuri. Pumzi yangu ikaingia ndani ya ile nafasi ya hewa, na mbele ya macho yangu ikageuka utando mweupe wa barafu.

Hapo nikaelewa. Kebo zilipokuwa zinarudi karakana zilikuwa zinakauka njiani. Barafu inayeyuka, unyevu unatoka, mimi nazisafisha, nazifunga mezani kwa spana yangu na vidole vya moto, nazikuta nzima. Nilikuwa napima kebo nyingine kabisa. Kebo iliyokuwa juu ya silo sikuwahi kuipima hata siku moja.

Mulumba alichimba kwenye takataka za pikapu akatoa kebo kuukuu yenye N, imekwaruzika, ina matope, pamoja na bamba lake. Akalifunga bamba kwenye antena kwa skrubu mbili, akanirudishia glavu.

"Funga ile sasa."

Nikaishika kwa kiganja kizima. Nati ilikuwa nene, iliingia yenyewe, ikapata meno, ikakaza juu ya mpira wake. Nilifanya hivyo nikiwa namtazama Mulumba, siitazami konekta. Tukaiunganisha na kipimo cha mkononi nilichokuja nacho. Mstari haukuwa uzi wa mwashi. Ulikuwa na mawimbi madogo, kama shuka lisilopigwa pasi. Nikatikisa kebo. Mstari haukusogea. Nikaivuta. Haukusogea.

"Voilà," alisema Mulumba. "Mbaya yako inasimama. Muzuri yako inaanguka."

Tulipofika barabara kuu, Bi Mwanaisha ndiye aliyeanza.

"Na mimi niliutazama ule mchoro nikasema wape hiyo. Sikuuliza inakwenda wapi. Ulivyokuwa umefurahi, nami nikafurahi."

"Jina ni langu, Bi."

"Jina ni letu. Kaa sawa kitini, tusije tukapinduka kwa huzuni."

Nilimweleza Erik mwenyewe, nimesimama. Nilimwambia hakuna fundi wa mteja aliyekosea, konekta niliichagua mimi kwa ajili ya meza yangu na si kwa ajili ya silo. Nikaomba tubadilishe zote ziwe N, kebo na mabamba, na nikamwonya kwamba michoro itakayotoka itakuwa mibaya kuliko ya kwanza.

"Mibaya kiasi gani?"

"Kiasi ambacho antena haitakijua."

"Na wewe utakijua?"

"Mimi nitakijua," nilisema.

Akainamisha kichwa kidogo. "Fanya."

Nilizijenga zote mwenyewe. Kuzijenga haikuwa taabu, taabu ilikuwa kusaini. Mhandisi wa mteja alikuwa na ile michoro ya mwanzo, angeona wazi kwamba mtu yuleyule sasa anampelekea kitu chenye mstari usionyooka. Nilikaa na kalamu. Nilitaka kulehemu upya moja yao, labda mawimbi yapungue. Bi Mwanaisha alikuwa anapima ya kwake upande wa pili wa benchi, hakuinua kichwa.

"Ziko ndani ya mpaka?"

"Ziko ndani."

"Basi saini, tule. Mahamri yanapoa."

Nikasaini. Chini ya kila jina nikaandika kwa herufi ndogo kwamba konekta hii imechaguliwa kwa kufungwa nje, kwa glavu. Sikuwa nimeona mtu akiandika hivyo. Ilinitia aibu, na niliiacha ikae.

Tukangoja baridi kubwa. Mnaoishi huku mnaijua, ile ambayo pua inashikana ukivuta pumzi na shule zinafungwa. Ilipofika, kila simu ya karakana ikilia nilikuwa nasimama. Mchana mmoja Erik akaiitikia, akasikiliza, akaniita, akaweka sauti ya nje ili na Bi Mwanaisha asikie. Kwanza tulisikia upepo tu. Halafu sauti ya Mulumba, inapiga kelele kutoka juu ya silo.

"Petit! Unanisikia?"

"Nakusikia, kaka!"

"Niko nayo mukononi. Natingisha. Natingisha tena. Haiachi! Wanaangalia ma-video chini huku miye natingisha!"

"Usiitikise sana!" nilipiga kelele, na karakana nzima ikacheka, hata Erik.

Bi Mwanaisha alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akafumba macho, akasema alhamdulillah kwa sauti ya chini. Kisha akaniambia niache kusimama kama mlingoti, kazi ziko. Alifanya kazi kwenye benchi hilo mpaka alipochoka kwa hiari yake. Hakufunga boksi hata moja.

Nimewaambia haya kwa sababu mtafundishwa majedwali. Jifunzeni majedwali, mimi nayaheshimu, ndiyo yanayowaambia ishara itapungua kiasi gani kwenye konekta iliyofungwa vizuri. Lakini konekta ya jedwali imefungwa ndani, kwenye joto, na mtu aliyekaa. Konekta yenu haitakaa hapo. Ikiwa ni ya maabara, mchague malaika. Ikiwa ni ya sanduku linalofunguliwa kila siku, tafuta inayostahimili kufunguliwa. Ikiwa inakwenda juu ya silo, mwite mkulima. Na kama nyinyi ni watu wa wasiwasi kama mimi, msijilaumu kwa wasiwasi. Upelekeni nje ukaone mahali kitu kinapoishi.

Mimi sijapona. Bado naangalia jiko mara mbili kabla ya kutoka. Ila katika karakana yetu mambo yamebadilika hivi: mteja akipiga simu kuagiza kebo, simwulizi kwanza frikwensi. Namwuliza nani ataifunga, na atakuwa amevaa nini mikononi.